Kupinda si kukunja: mwongozo kamili wa kuunda haraka vifaa vyenye skrini nyumbufu

Kiswahili hutenganisha kitu kupinda, kukunjwa na kuviringishwa, na anayetaka kuunda kifaa chenye skrini nyumbufu hana budi kuanza na utengano huo huo. Kitu kinachopinda hujikunja kidogo kama upinde kisha hurudi kilivyokuwa. Kinachokunjwa hupata mstari mmoja unaobeba mkazo wote. Kinachoviringishwa hujizungusha mara nyingi juu ya mhimili mmoja. Simu za kukunjwa zilizoenea sokoni kuanzia mwaka 2019 zinategemea bawaba za usahihi mkubwa ambazo ni vigumu kuziiga kwenye meza ya karakana ndogo, na skrini za kuviringisha zinahitaji mitambo ya aina yake. Kwa hiyo mwongozo huu unahusu kupinda peke yake: kifaa cha ukubwa wa kiganja au wa daftari, ambacho mtumiaji hukiamuru kwa kukipinda, na ambacho mtu mmoja au wawili wanaweza kukiunda kwa wiki chache.

Nitafuata kanuni moja tangu mwanzo hadi mwisho, nayo ni kwamba skrini halisi iingie mwisho. Wengi hufanya kinyume. Wananunua skrini kwanza kwa kuwa ndiyo inayosisimua, kisha wanaitafutia mwili, vihisi na programu, na kabla swali lolote la maana halijajibiwa skrini yenyewe imekwisha kufa. Ya kwanza niliyoishika mimi ilikufa kabla haijaonyesha hata herufi moja, kwa sababu niliupinda ukingo ambao haukupaswa kupindwa. Watafiti wa Sony walioeleza kompyuta ya kupinda iitwayo Gummi mwanzoni mwa miaka ya 2000 walifanya kwa busara zaidi: mfano wao ulikuwa na skrini ngumu ya kawaida iliyofungwa juu ya bamba la plastiki linalopinda, na hata hivyo uliwaonyesha mengi kuhusu namna mkono unavyoweza kuamuru kwa kupinda.

Hatua ya 1: Anza na karatasi na mikono ya watu

Kata vipande kumi hivi vya karatasi ngumu na vya plastiki laini, vyote vikiwa na ukubwa wa kifaa unachokikusudia. Juu ya kila kimoja chora picha moja ya kile ambacho skrini ingeonyesha: orodha, ukurasa wa kitabu, ramani, simu inayoita. Mpe mtu kipande kimoja, umwambie jambo analotaka kulitimiza, kwa mfano kufungua ukurasa unaofuata, kisha umwache apinde apendavyo bila kumdokeza lolote. Msaidizi wako abadilishe kipande mara tu tendo linapokamilika, ili aliyekishika aone kama vile kifaa kimemwitikia. Rekodi mikono yake kwa video, kwa kuwa vidole husema mengi ambayo mdomo hauyasemi.

Njia hii imekwisha kuzaa matunda. Mwaka 2011, katika Chuo Kikuu cha Queen's nchini Kanada, kundi lililoongozwa na Roel Vertegaal liliwasilisha PaperPhone, mfano wa simu yenye skrini nyumbufu ya karatasi ya kielektroniki, na likawaomba washiriki 10 wabuni wenyewe mipindo ya kuamuru kifaa. Zilikusanywa jozi 87 za mipindo, ambazo baada ya kuondolewa marudio zilibaki jozi 24 tofauti, na kati ya hizo 6 ndizo zilizotumiwa mara nyingi zaidi. Washiriki walipendelea mipindo rahisi, ya mhimili mmoja, isiyouchosha mkono, na walikubaliana sana juu ya jozi tatu: ukingo wa pembeni juu na chini, kona ya juu juu na chini, na kona ya chini juu na chini. Tendo lililokuwa na mwelekeo dhahiri, kama kwenda mbele au kurudi nyuma, liliwafanya wakubaliane pia ni upande gani wa kupinda. Matokeo hayo yanatosha kukuokoa na kishawishi cha kubuni lugha ya mipindo kumi na tano ambayo hakuna atakayeikumbuka.

Baada ya majaribio ya karatasi, andika kila mpindo utakaouhifadhi kwa mambo manne: mahali pake, mwelekeo wake, kiasi chake na muda wake. Kisha amua jambo la tano, ambalo husahaulika, yaani kama mpindo huo ni amri au ni kiwango. Mpindo wa amri hutenda jambo moja ukivuka kizingiti, kama swichi. Mpindo wa kiwango hubadilisha kitu kwa mfululizo, kama kitasa cha sauti, na kadiri unavyozidi kupinda ndivyo kurasa zinavyozidi kwenda kasi. Uamuzi huu ndio utakaochagua skrini yako baadaye, kwani baadhi ya skrini nyumbufu ni za polepole mno kwa mpindo wa kiwango. Kwa kifaa cha kwanza mipindo mitatu inatosha, na minne ndiyo mwisho.

Hatua ya 2: Tengeneza mwili kabla ya umeme

Mwili wa kifaa ni bamba linalobeba skrini na vihisi na kuyarudisha yote katika unyoofu mkono unapoachia. Plastiki ya polipropilini, ile itumikayo katika majalada ya mafaili, ni nzuri kwa kazi hii kwa sababu huvumilia kupindwa mara nyingi bila kupasuka. Jaribu unene wa milimita 0.5, 0.8 na 1.0 kabla ya kuchagua. Kumbuka kwamba ugumu wa bamba hupanda kwa mchemraba wa unene wake: ukiuongeza unene mara mbili, bamba linakuwa gumu mara nane. Ndiyo maana tofauti inayoonekana ndogo kwenye karatasi ya vipimo huwa kubwa sana kiganjani.

Kanuni hiyo hiyo inaeleza kosa la kawaida la gundi. Mabamba mawili yaliyowekwa pamoja bila gundi huteleza moja juu ya jingine na ugumu wao ni jumla tu, yaani mara mbili ya ugumu wa bamba moja. Yakigandishwa uso kwa uso huwa kama bamba moja nene, na ugumu unafika mara nane. Kwa hiyo tabaka zote zigandishwe kwenye ukingo mmoja tu, kama kurasa za kitabu zinavyoshikwa upande mmoja, na kingo nyingine ziachwe zikiteleza ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki au kitambaa.

Kuna hesabu moja inayofaa kufanywa mapema. Bamba la unene t likipindwa kwa nusu kipenyo R, uso wake wa nje huvutwa kwa kiasi cha t ikigawanywa kwa 2R. Tabaka la milimita 0.3 likipindwa kwa nusu kipenyo cha milimita 30 huvutwa kwa asilimia 0.5, la milimita 1 kwa mpindo huo huo huvutwa kwa zaidi ya asilimia 1.6. Tabaka angavu la oksidi ya indiamu na bati, linalotumika kupitisha umeme katika skrini nyingi, huweza kuanza kupasuka linapovutwa kwa asilimia 1 au 2. Hapa ndipo unapoona kwa nini wembamba si urembo: skrini ile ile inayodumu ikiwa peke yake inaweza kufa ikishagandishwa juu ya bamba nene, kwa kuwa sasa imesukumwa mbali na lile tabaka la katikati ambalo halivutwi wala halibanwi.

Hatua ya 3: Weka vihisi vya mpindo

Kihisi cha mpindo kinachouzwa madukani ni ukanda mwembamba wa plastiki uliopakwa wino wenye kaboni. Ukipindwa, ukinzani wake wa umeme hupanda. Aina zilizoenea huwa na ukinzani wa kati ya kilohomu 10 na 30 zikiwa zimenyooka, na huweza kufika mara mbili au zaidi zikipindwa sana. Vihisi vya jamaa hii vimetumika kwa muda mrefu. Vilikuwamo hata kwenye vidole vya glavu ya michezo ya Power Glove iliyouzwa mwaka 1989. Udhaifu wake ni kwamba vingi hupima vizuri mpindo wa upande mmoja tu, hivyo ukitaka juu na chini weka viwili, mgongo kwa mgongo. Udhaifu wa pili ni shina la kihisi, mahali pini zinapoungana na ukanda: likipindwa mara kadhaa hukatika. Libane kati ya vipande viwili vidogo vya plastiki ngumu.

Ukikosa vya dukani, unaweza kujitengenezea. Kata ukanda wa Velostat, yaani plastiki nyeusi iliyochanganywa na kaboni, uulaze kati ya kanda mbili za utepe wa shaba zisizogusana, kisha ufunike kwa utepe wa plastiki. Kihisi hiki hutenda kinyume cha kile cha dukani, kwa sababu mpindo huongeza mgandamizo na ukinzani hushuka. Hakina usahihi mkubwa na hubadilika kwa muda, ila kwa kutambua kama kona imepindwa au haikupindwa kinatosha kabisa.

Mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja inayoendesha kifaa, haipimi ukinzani bali volteji, kwa hiyo kila kihisi kiunganishwe kwa mfuatano na rezista moja ya kudumu (kipande chenye ukinzani usiobadilika) kati ya volti 3.3 na ardhi, yaani volti 0, na usomaji ufanywe katikati yao. Thamani ya rezista hiyo haichaguliwi kwa kubahatisha. Inayoleta mabadiliko makubwa zaidi ya volteji ni kipeuo cha pili cha zao la ukinzani wa chini na wa juu wa kihisi. Kihisi kinachotoka kilohomu 10 hadi 20 kinataka rezista ya kilohomu 14 hivi. Ukichukua ya 15, ambayo hupatikana kwa urahisi, volteji kwenye rezista itashuka kutoka 1.98 hadi 1.41, na kwa kipimaji cha volteji cha biti 12 kilichomo ndani ya mikrokontrola, chenye ngazi 4096, hizo ni ngazi zipatazo 700 za kuchezea. Ungeweka rezista ya kilohomu 100 ungepata ngazi 310 hivi tu, na nyingi kati ya hizo zingemezwa na kelele za umeme.

Kwa mipindo mitatu niliyoitaja juu, kihisi kimoja kilazwe sambamba na upande mrefu, na viwili viwekwe kwenye kona kwa mshazari wa digrii 45, kwa kuwa kona hupinda kwa mshazari na si kwa kufuata kingo. Ikiwa unatumia ESP32, mikrokontrola yenye Wi-Fi ndani yake, soma vihisi kupitia kipimaji chake cha kwanza pekee, kwani pini za kile cha pili hazisomeki kwa uhakika Wi-Fi ikiwa imewashwa. Hitilafu hiyo humpoteza mtu siku nzima, maana programu ni sahihi, nyaya ni sahihi, na bado namba hazieleweki.

Hatua ya 4: Fanya namba ziwe ishara

Ukitazama namba ghafi za kihisi utaona zinatetemeka, zinahama polepole kadiri joto na uchovu wa plastiki vinavyobadilika, na hazirudi palepale baada ya kuachia. Hakuna kasoro hapo. Ndivyo vihisi hivi vilivyo, na kazi ya programu ni kuvizoea.

Kwanza, kila kifaa kinapowashwa kisome kila kihisi mara 50 kikiwa kimelazwa mezani na kiuchukue wastani kama unyoofu, yaani namba ya kifaa kisichopindwa. Kisha mwombe mtumiaji apinde kabisa mara moja kwa kila mpindo, ili upate kilele chake yeye na si chako, maana mkono wa mtoto na wa fundi haupindi sawa. Geuza usomaji wote kuwa namba kati ya 0 na 100. Baada ya hapo, laini namba: thamani mpya iwe asilimia 80 ya thamani iliyopita ukijumlisha asilimia 20 ya usomaji wa sasa. Ukisoma mara 100 kwa sekunde, ucheleweshaji unaotokana na ulainishaji huu ni sehemu ndogo mno ya sekunde, kama 0.05, ambayo mkono hauihisi.

Kwa mpindo wa amri tumia vizingiti viwili, si kimoja. Amri iingie namba inapovuka 35 na kubaki juu yake kwa milisekunde 150, na isihesabiwe kuwa imekwisha hadi namba ishuke chini ya 20. Kizingiti kimoja humfanya mtumiaji mwenye mkono unaotetemeka afungue kurasa tano kwa mpindo mmoja. Namba hizi ni za kuanzia tu, na utazirekebisha ukiwa na watu mbele yako.

Ugumu wa kweli uko kwenye mipindo inayofanana. Mtu anapopinda ukingo mzima wa pembeni, vihisi vya kona zote mbili hupanda pia, na programu isiyo na subira itatangaza kona ya juu kabla mpindo haujakamilika. Dawa yake ni kungoja: kihisi cha kwanza kinapovuka kizingiti, programu isubiri milisekunde 80 hivi na kutazama ni vipi vingine vimekifuata, kisha ipime kwanza mpindo mpana na ndipo iangalie kona moja moja. Unyoofu nao usasishwe taratibu, lakini pale tu ambapo vihisi vyote vimetulia chini ya 10 kwa sekunde kadhaa; ukiusasisha wakati wote, mtu anayeshikilia mpindo kwa muda atakuta mpindo wake umegeuzwa kuwa unyoofu mpya.

Kuna swali la mwisho hapa ambalo miongozo mingi hulikwepa. Mtu hupinda kifaa bila kukusudia anapokiokota, anapokitia ndani ya begi au anapokifuta vumbi. Nimejaribu kulitatua kwa hesabu pekee na sikufurahia. Suluhisho lililonifaa ni kipande cha utepe wa shaba chini ya kidole gumba, kilichounganishwa na pini ya kuhisi mguso: mpindo hauhesabiwi isipokuwa kidole kiko hapo. Watumiaji huizoea sharti hiyo katika dakika chache bila hata kuitambua.

Hatua ya 5: Skrini ya bandia

Sasa una bamba jeupe linalojua limepindwa vipi. Lipe picha bila kulipa skrini. Ning'iniza projekta juu ya meza, uelekeze mwanga wake kwenye bamba, na programu ya kompyuta ipokee namba kutoka kwa mikrokontrola na kuchora ukurasa unaostahili. Mwaka 2005 kundi lile lile la Queen's lilitumia njia ya jamaa hii katika mradi wa PaperWindows, likiangazia madirisha ya kompyuta juu ya karatasi za kawaida huku kamera zikifuata mwendo wa karatasi hizo.

Kuilinganisha picha na bamba kunahitaji nukta nne tu: onyesha alama, isogeze mpaka ikae kwenye kila kona ya bamba, kisha programu ikokotoe geuzo linaloufanya mstatili wa picha uketi kwenye pembenne hiyo. Bamba likipinda picha itaonekana imejikunyata. Igawe katika mikanda 8 au 10 inayofuata mhimili wa mpindo, na upana wa kila mkanda ubadilike kulingana na namba ya kihisi. Haitakuwa kamili, wala haihitaji kuwa kamili. Hapa utarekebisha vizingiti, utatupa mpindo mmoja uliodhani ni mzuri, na utajua kama unahitaji rangi au mwendo wa haraka. Mtu akipinda kitu mara mia mbili kwa alasiri moja, plastiki haijali.

Hatua ya 6: Chagua na uunganishe skrini halisi

Chaguo la kawaida ni karatasi ya kielektroniki. Ndani yake mna chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji, zinazovutwa juu au chini na umeme, na zikishafika hubaki pale hata umeme ukikatwa. Kwa hiyo picha haitumii umeme isipokuwa inapobadilishwa. Gharama yake ni muda: kubadilisha picha nzima huchukua sekunde moja hadi tatu hivi kwa nyeusi na nyeupe, ikiambatana na kumetameta, huku kubadilisha sehemu tu kukichukua chini ya sekunde moja. Zile zenye rangi ya tatu ni za polepole zaidi sana, na kwa kifaa cha kuamuru kwa mpindo sizipendekezi hata kidogo. Ikiwa katika hatua ya kwanza uliamua mpindo wa kiwango, karatasi ya kielektroniki itakukwamisha, na utahitaji skrini nyumbufu ya OLED, ambayo kila nukta yake hutoa mwanga wake yenyewe, juu ya plastiki ya poliimidi. Hiyo ndiyo iliyotumika katika ReFlex, simu ya majaribio ya Queen's ya mwaka 2016, ambamo kasi ya kurasa ilifuata kiasi cha mpindo na mtetemo ukaiga kurasa zikipita chini ya kidole. Ila OLED nyumbufu hupatikana kwa shida zaidi, na bodi inayoiendesha huwa na mahitaji yake. Ipo pia njia ya kujichapia mwenyewe skrini ya elektroluminisensi kwa wino wa fedha, tabaka la kuhami na unga unaong'aa, lakini inataka umeme wa kupishana unaoweza kufika volti mia moja au zaidi, na anayeanza asiishike.

Tuseme umechukua karatasi ya kielektroniki yenye pikseli 296 kwa 128. Zidisha na ugawanye kwa 8, utaona picha nzima inahitaji baiti 4736. Mikrokontrola ya Arduino Uno R3 ina baiti 2048 za kumbukumbu ya kazi (RAM), hivyo italazimika kuchora kwa vipande, na pini zake ni za volti 5 ilhali skrini inataka 3.3. ESP32 haina tatizo lolote kati ya hayo. Mbali na umeme na ardhi, nyaya za ishara ni sita: data, saa, uteuzi wa kifaa, wa kutofautisha data na amri, wa kuanzisha upya, na wa kueleza kwamba skrini ina shughuli. Huo wa mwisho usipuuzwe. Programu inayotuma picha mpya skrini ikiwa bado na shughuli hupata michoro iliyochanganyikana.

Mambo matatu huua skrini hizi. La kwanza ni kuchomoa au kuchomeka ulimi wake wa nyaya umeme ukiwa umewashwa, kwani bodi huzalisha ndani yake volteji za takribani 15 chanya na hasi. La pili ni kuiacha macho baada ya kuchora. Kila uchoraji umalizwe kwa amri ya kuilaza usingizi. La tatu, lililoiua ile yangu, ni kuupinda ukingo wenye chipu. Chipu inayoendesha skrini ni kipande kigumu cha silikoni kilichogandishwa kwenye ukingo mmoja, na plastiki iliyo chini yake ikipinda, yenyewe haipindi bali hubanduka. Mhimili wa mpindo lazima uwe sambamba na ukingo huo, ili ukingo wenyewe ubaki umenyooka huku sehemu iliyobaki ikijikunja mbali nao. Hapa mipindo ya kona inabidi ipimwe upya: kona mbili zilizo mbali na chipu zinaruhusiwa, zile mbili za karibu nayo ziwe marufuku.

Kwa kuwa picha huchelewa, mtumiaji apewe jibu jingine la papo hapo. Mota ndogo ya mtetemo inayowaka kwa milisekunde 40 mara mpindo unapotambuliwa hubadilisha kabisa hisia ya kifaa. Iendeshe kupitia transista, yaani swichi ya kielektroniki, yenye diodi ya kinga, kwani pini ya mikrokontrola haina mkondo wa kutosha. Na baada ya kila mabadiliko matano hadi kumi ya sehemu, fanya moja la skrini nzima ili kufuta vivuli vya picha za zamani.

Hatua ya 7: Uti wa mgongo

Bodi, betri, soketi ya ulimi na chipu ya skrini vyote havipindi, basi vikae mahali pamoja. Tengeneza kisanduku chembamba kigumu kando ya ukingo wenye chipu, kiwe kama uti wa kitabu, na mkono wa kushoto ushike hapo wakati wa kulia unapinda. ReFlex nayo ilikuwa na bodi yake pembeni mwa skrini. Betri ya lithiamu ya mfuko laini isipindwe kamwe wala kubanwa na skrubu. Ikitobolewa au kukunjwa huweza kuwaka moto. Iweke kwenye chumba chake chenye nafasi kidogo pande zote, na waya zake zisipite kwenye eneo linalopinda.

Nyaya za vihisi ambazo lazima zivuke eneo hilo zipitishwe kwa mawimbi, kama nyoka, na si kwa mstari ulionyooka. Tumia waya wa nyuzi nyingi. Wa uzi mmoja mgumu hukatika ndani ya siku.

Hatua ya 8: Unganisha tabaka na uweke kikomo cha mpindo

Mpangilio kutoka mbele ni kifuniko angavu chembamba, skrini, bamba, vihisi, kisha kifuniko cha nyuma. Skrini ishikwe kwenye uti tu kwa utepe wa gundi ya pande mbili; upande wake wa mbali uingie kwenye mfuko unaouruhusu kuteleza milimita kadhaa. Kabla ya kuiweka ile halisi, pitisha mzunguko mzima kwa karatasi ya plastiki ya unene ule ule, uipinde mara 500, kisha ufungue utazame ni wapi imekwaruzwa.

Kikomo cha mpindo hakipaswi kuachiwa nidhamu ya mtumiaji. Gandisha nyuma ya bamba safu ya vijiti vigumu sambamba na mhimili, vikiwa na mapengo kati yao; kifaa kikipindwa kuelekea nyuma, vijiti hugusana na kuuzuia mpindo. Upana wa pengo ni kimo cha kijiti mara umbali wa kutoka kijiti hadi kijiti, ukigawanya kwa nusu kipenyo unachokiruhusu. Vijiti vya kimo cha milimita 3, vilivyopangwa kila milimita 10, kwa kikomo cha milimita 30, vinahitaji pengo la milimita 1. Kwa mpindo wa kuelekea mbele, gandisha juu ya vijiti hivyo utepe wa kitambaa usiovutika, ukiulegeza kwa milimita 1 kwenye kila pengo, na utakaza wakati ule ule unaohitajika. Chagua kikomo kilicho kikubwa kuliko kile alichokitaja mtengenezaji wa skrini, angalau kwa theluthi moja.

Kisha upime. Tafuta mabomba manne ya vipenyo vinavyopungua, kama milimita 120, 100, 80 na 70, uilaze skrini ikiwa imewashwa juu ya kila moja kwa kuanzia na pana, mara 20 kila bomba, na baada ya kila zamu uchore mistari myeusi ya wima na ya mlalo. Mstari mmoja usiochoreka ni dalili ya waya mwembamba uliokatika ndani. Simama hapo hapo, rudi kwenye bomba lililotangulia, na upanue kikomo cha vijiti kabla kifaa hakijashikwa na mtu mwingine yeyote.

Hapo ndipo uwaite wale wale uliowapa karatasi katika hatua ya kwanza. Wape kazi zile zile, kwa mpangilio ule ule, na ulinganishe video za siku zile mbili. Mahali ambapo mkono uliopinda karatasi bila kusita sasa unasita, chunguza kwa utaratibu huu: kwanza ugumu wa bamba, kisha kizingiti, kisha ucheleweshaji wa picha. Nimeanza na bamba kwa makusudi, kwa sababu mara nyingi kosa liko hapo, na bamba hubadilishwa kwa mkasi na dakika kumi.